Sokwe wa Rubondo na Habari za Wanyama Waliotoka Vizimbani

Kusini ya pwani ya Muleba, kupita visiwa vya Ikuza, kiko kisiwa kikubwa chenye msitu mnene, nacho huitwa Rubondo. Ukubwa wake wapata kilometa za mraba 240. Siku hizi chahesabiwa katika mkoa wa Geita, lakini wavuvi wa Muleba wanakijua kama mtu ajuavyo kibanja cha jirani yake. Katika msitu wa kisiwa hicho wamo sokwe. Wazee wa zamani hawakuwaona sokwe pale, wala baba zao hawakuwaona, kwa maana tangu asili hawakuwamo. Waliletwa kwa merikebu kutoka Ulaya, nao walitoka katika vizimba vya chuma.

Jambo hili latufanya tuulize neno moja, nalo ndilo tutakalolifuata katika habari hizi. Je, mnyama wa mwitu aliyefungwa na watu, akalishwa kwa mikono yao na kuzoea sauti zao, aweza kupewa tena uhuru wake? Na ikiwa aweza, gharama yake hulipwa na nani?

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi husema ya kuwa kumfunga mnyama wa mwitu ili kumtazama ni desturi ya Wazungu peke yao. Sivyo. Kabaka Suna wa Buganda, aliyekufa mwaka wa 1856, alijulikana hata kwa wafanya biashara wa pwani kwamba alikuwa na simba, tembo na chui waliofungwa kwa ajili ya fahari yake. Na upande wetu huu wa Kagera tunayo habari iliyo bora kuliko hiyo, nayo ni ya Karagwe.

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanika, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Rumanika aliwapokea kwa heshima nyingi. Speke alikuwa mtu apendaye mno kujua wanyama wa kila nchi, akawinda, akapima, akaandika. Basi Rumanika akawatuma wapiga kasia wake katika ziwa dogo lililo chini ya ikulu, nao wakamletea mgeni mnyama wa kinamasi aliye hai. Speke aliliandika jina lake nzoe. Kwa Kiswahili twasema nzohe.

Wale wasomaji wetu wakaao karibu na mafunjo watamfahamu nzohe. Ni mnyama wa jamii ya pongo, lakini kwato zake ni ndefu ajabu, zapanuka akanyagapo, hata aweza kwenda juu ya majani yaeleayo bila kuzama. Katika nchi kavu kwato hizo humsumbua, akaenda kwa taabu. Manyoya yake ni marefu, yafaayo kukaa majini. Akiogopeshwa huingia katika maji, akajizamisha hata pua tu zikabaki juu, akatulia hivyo mpaka adui apite. Hula alfajiri na jioni, na njia zake katika mafunjo ni zile zile kila siku. Ndiyo sababu wawindaji wa kale waliweza kumtegea.

Sasa angalieni jinsi mnyama huyo alivyofanya alipofungwa. Speke aliandika ya kuwa hakutaka chakula cho chote ila ncha laini za mafunjo. Hizo alizila sana, akanywa maji, akalala chini kwa utulivu. Lakini mtu akimkaribia alimshambulia kwa ukali, na ukali huo haukumtoka. Kwa maneno machache hayo tumeambiwa habari kubwa. Mnyama hali kwa sababu chakula ni kizuri machoni pa mlezi; hula kile ambacho kinywa chake na tumbo lake vimeumbiwa. Na kutulia kwake si kupenda kufungwa. Wapiga kasia wa Rumanika walijua mambo hayo, kwa kuwa waliishi karibu na mnyama huyo. Walimjua chakula chake, wakamletea. Mwaka wa 1863 wataalamu wa Ulaya walimpa mnyama huyo jina la Speke katika vitabu vya elimu, wala hawakumpa jina la wapiga kasia waliomkamata. Lakini hayo ndiyo mambo ya dunia.

Ulaya yenyewe ilikawia sana kujifunza neno hili. Katika bustani za wanyama za zamani mnyama aliwekwa katika kizimba chembamba, chenye fito za chuma mbele na sakafu ya saruji chini, ili kuosha kuwe rahisi na watazamaji waone vema. Sokwe ndiye aliyepata taabu kubwa kuliko wengi, kwa sababu maisha yake yafanana sana na ya watu. Mtoto wa sokwe hubebwa na mama yake, hunyonya miaka minne au mitano, na kila jioni humwona mama akikunja matawi na kuyasuka yawe kiota cha kulalia juu ya mti. Hukaa katika jamii kubwa ambayo hutawanyika mchana kwa makundi madogo ya kutafuta matunda, kisha wakakutana tena kwa kelele nyingi na kukumbatiana. Mtoto wa namna hiyo hakupatikana kwa wafanya biashara ila kwa kumwua mama. Mama hamwachi mtoto wake akiwa hai, basi bunduki ndiyo iliyowatenga.

Alipofika Ulaya alikuwa mchezo wa watu. Katika bustani ya London, tangu mwaka wa 1926, sokwe wadogo waliketishwa mezani mbele ya watazamaji wanywe chai kama watoto wa watu, na mchezo huo haukukomeshwa mpaka mwaka wa 1972. Watazamaji walicheka. Lakini sokwe hakai kuwa mtoto. Akipata miaka kumi na zaidi nguvu zake hupita nguvu za mtu mzima, meno yake ni makali, wala hataki tena kuamriwa. Hapo alifungiwa, mara nyingi peke yake, na upweke ukamletea ugonjwa wa roho: hujitikisa mbele na nyuma siku nzima, hujing'oa manyoya, huketi akitazama ukuta. Mtu ye yote aliyepata kumwona mfungwa wa siku nyingi ataelewa.

Mmoja wa watu walioona jambo hilo kwa karibu alikuwa Mjerumani Bernhard Grzimek. Alizaliwa mwaka wa 1909, akasomea uganga wa wanyama, na mwaka wa 1945 akawa mkubwa wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, mji uliokuwa umeharibiwa kwa mabomu ya vita. Akaishika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1974. Jina lake lilijulikana nchini kwetu kwa sababu ya Serengeti, ambako yeye na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wakiwa katika ndege. Mwezi wa Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba hakuiacha kazi. Alitafuta mahali ambapo wanyama wangeweza kuwekwa mbali na bunduki, na macho yake yakatua Rubondo.

Tunaona wazi kwa nini alikipenda kisiwa hiki. Maji ndiyo ukuta wake. Sokwe hajui kuogelea, akiingia penye kina huzama. Kwa hiyo ziwa lilikuwa boma lisilohitaji mlinzi. Simba hawakuwamo, wala chui. Msitu ulikuwa mkubwa, na matunda ya mwituni mengi. Nzohe walikuwamo tangu asili, pamoja na pongo, viboko, mamba na fisi maji. Mwaka wa 1965 serikali ikakifanya kisiwa kizima kuwa pori la akiba.

Lakini watu walikuwamo pia. Walikuwa Wazinza, wavuvi na wakulima, wenye nyumba zao na mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Katika miaka hiyo ya 1960 walihamishwa, wakapelekwa visiwa vya jirani na bara. Vitabu vingi vya kuwasifu wanyama wa Rubondo huipita habari hii kwa mstari mmoja, na vingine haviitaji kabisa. Sisi hatusemi ya kuwa kisiwa kingalibaki na msitu wake kama watu wasingalihama. Huenda miti ingalikwisha kwa shoka, kama ilivyokwisha katika visiwa vingine vya ziwa hili. Lakini atakayeuliza uhuru wa sokwe ulilipiwa na nani, na aanze kuwahesabu watu hao.

Mahali pengine pa habari hii ni Mwanza. Msomaji aliyepata kusafiri kwa merikebu kutoka Bukoba na Kemondo hata Mwanza atakuwa amekiona kisiwa kidogo cha mawe karibu na mji, jina lake Saanane. Hapo ndipo ilipofunguliwa mwaka wa 1964 bustani ya wanyama ya kwanza ya serikali katika nchi yetu, ili watu wa kandokando ya ziwa wawaone wanyama wasiopatikana kwao na kujifunza habari zao. Ilikuwa pia kituo cha kuwapumzisha wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo. Tangu mwaka wa 2013 Saanane ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko hifadhi zote.

Katikati ya mwaka wa 1966 sokwe 11 walifika Dar es Salaam katika masanduku, baada ya safari ya mwezi mmoja na zaidi kutoka bandari ya Antwerp. Wakapandishwa gari la moshi mpaka Mwanza, na kutoka hapo wakavushwa ziwa. Si Safina ya Nuhu, kwa maana humo kila mnyama aliingia na mwenzake. Hawa wengi walikuwa hawajuani. Walitolewa katika bustani za wanyama za miji mbalimbali. Wengine wakafuata kwa mafungu mpaka mwaka wa 1969, jumla yao 17. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 4 na 12. Aliyefungwa muda mfupi kuliko wote alikuwa amekaa kifungoni miezi michache tu, na aliyekaa sana, miaka 9. Karibu wote walizaliwa msituni, wakakamatwa wakiwa wachanga.

Hawakufundishwa lo lote kabla ya kufunguliwa. Leo wataalamu wangeshangaa. Wangetaka kwanza wapimwe magonjwa, kisha waunganishwe wapate kujuana, kisha waonyeshwe matunda, tena kwa miaka. Wakati ule masanduku yalifunguliwa, sokwe wakatoka. Kwa muda wa miezi miwili hivi waliwekewa chakula, halafu wakaachwa.

Wana wa Israeli walipotoka Misri waliyakumbuka matango na vitunguu vya utumwani, wakanung'unika jangwani. Sokwe wa Rubondo nao walifanya vivyo hivyo. Baadhi yao hawakuuacha ukingo wa msitu, walikuja penye nyumba za walinzi, wakaingia ndani, wakatafuta mikate na ndizi. Mnyama aliyezaliwa msituni na kukua huko humkimbia mtu. Lakini aliyelelewa kizimbani hamwogopi mtu, kwa kuwa amekwisha kumjua, na pengine amekwisha kumchukia. Madume wawili waliwashambulia watu, na kwa sababu hiyo wakapigwa risasi. Wafikirieni wawili hao. Walitwaliwa kwa bunduki wakiwa mikononi mwa mama zao, wakasafirishwa bahari mbili, wakafungwa, wakafunguliwa, na bunduki ikawamaliza.

Waliobaki walifanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Kabla ya mwaka kupita walikuwa wakila matunda na majani ya kisiwa, wakijenga viota vyao juu ya miti. Nani aliwafundisha kujenga? Sisi twaona ya kuwa jibu limo katika ile miaka michache ya kwanza. Aliyekamatwa akiwa na miaka miwili au mitatu alikuwa amelala usiku mwingi katika kiota cha mama yake, akiyaona matawi yakikunjwa. Na mmoja akijua, mwenziwe humtazama. Sokwe ni mwepisi wa kuiga, kama kila mtu ajuavyo. Kwa hiyo elimu ya mama waliouawa huko Afrika ya Magharibi ilitunzwa miaka mingi katika vizimba vya Ulaya, ambako haikuwa na kazi yo yote, ikaja ikafaa katika Ziwa Viktoria.

Mwaka wa 1968 watoto wa kwanza waliozaliwa kisiwani walionekana. Mtaalamu Markus Borner, aliyeandika habari zao mwaka wa 1985, alihesabu sokwe wasiopungua 20. Leo hukadiriwa kupita 60. Wale wazaliwa wa kisiwa hawakumjua mtu kama mleta mikate, nao wakawa kama walivyo sokwe wa mwituni, wajifichao. Walitawanyika katika msitu wote, wakawa wakila zaidi matunda ya mitambaazi iliyoshikamana na miti mikubwa, na walinzi waliweza kukaa siku nyingi bila kuwaona, wakisikia sauti tu.

Basi, je, tuseme kazi ya Grzimek ilifaulu? Twasema ndiyo, lakini kwa kusitasita. Wengi wa sokwe hao asili yao ni Afrika ya Magharibi. Walikuwa mbali na kwao walipofunguliwa, kama mtu aliyetekwa Kongo akafunguliwa Unguja. Sokwe wa asili wa Tanzania, wale wa Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, ni wa aina nyingine, na kama hawa wa Rubondo wangaliwekwa kati yao pangalikuwa na mapigano na mchanganyiko wa damu. Maji yaliwazuia wasitoke, na maji hayo hayo yalizuia madhara yasienee.

Tena tukilinganisha na kazi nyingine ya ziwa hili hili, twaona sababu ya kufaulu ilikuwa wapi. Huko Entebbe, Uganda, tangu mwaka wa 1952 palikuwa na mahali pa kuwalelea wanyama yatima, na mwaka wa 1998 baadhi ya sokwe waliokuwa wameokolewa kwa wafanya biashara walihamishiwa kisiwa cha Ngamba. Walezi wa Ngamba wana elimu kupita wale wa mwaka wa 1966, na uganga wao ni mzuri. Lakini kisiwa hicho ni kidogo, kama ekari 100 tu. Matunda yake hayawatoshi sokwe, hivyo huletewa chakula kila siku. Wakati wa jioni huitwa ndani, na majike hupewa dawa wasizae, kwa kuwa nafasi haipo. Ni kifungo chema, lakini ni kifungo. Rubondo ina nafasi iliyozidi hiyo mara mia kadha. Kilichowaponya sokwe wa Rubondo, kwa maoni yetu, ni ukubwa wa msitu waliopewa kuliko hekima ya waliowapeleka.

Wanyama wengine waliopelekwa hawakupata bahati moja. Faru 16 walihamishwa kutoka Serengeti katika miaka hiyo ya 1960, na majangili wakawafuata huko huko kisiwani kwa mitumbwi, wakawaua hata wakaisha. Korongo nao hawakudumu. Twiga wapo, tembo wapo, mbega wapo wakirukaruka miti. Mwaka wa 2000 waliachiwa huko kasuku wa kijivu, ambao walikuwa wamenyang'anywa wafanya biashara waliotaka kuwauza. Ndege hao ni wa misitu ya upande wa magharibi wa ziwa, kama ule wa Minziro, nao si wageni sana kama sokwe.

Mwaka wa 1977 Rubondo ilifanywa hifadhi ya taifa. Mwaka wa 2019 nchi ya bara iliyo mkabala wake nayo, pamoja na ziwa Burigi lililo upande wa Muleba, ikafanywa hifadhi ya Burigi-Chato. Wageni walianza kuuliza habari za sokwe, wakitaka kuwaona. Hapo shida mpya ikatokea, maana sokwe walikuwa wamejifunza vema mno kumkimbia mtu. Ikawapasa walinzi kuingia msituni kila alfajiri, kuvitafuta viota vilivyolaliwa usiku, kisha kuwafuata sokwe kwa mbali mpaka jioni, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, bila kuwapa chakula wala kuwasogelea mno, mpaka wanyama waache kutoroka. Kazi hiyo imezaa matunda, na siku hizi mgeni aliyelipa ada aweza kupelekwa chini ya miti, akasimama kwa kimya, akitazama juu. Mgonjwa wa mafua haruhusiwi kwenda, kwa sababu ugonjwa wetu mdogo waweza kumwua sokwe. Na mara nyingi hata sasa mgeni hurudi jioni penye mashua akiwa amesikia kelele zao tu, na kuona matunda yaliyotafunwa yakiwa yametapakaa chini.